Niliambiwa Nije na Gari

Mlioniuliza kwenye kundi letu kwa nini gari la mama lilionekana Pangani Alhamisi, likaonekana Muheza Jumamosi, na mimi nikapotea miezi mitatu, jibu lenu hili hapa. Nimerudi, nimelala nikaamka, nimekunywa chai, sasa naandika. Mwenye haraka aende akapike. Mambo ya mkataba na vyeti naruka, hayana utamu hata kwangu mwenyewe.

Chumbageni, kabla ya kuwasha gari

Kazi yangu mnaijua: natengeneza meno ya bandia. Kliniki niliyokuwa nafanyia hapa mjini ilifungwa, nikakaa nyumbani tangu mfungo, nikiwachekea wazee wa mtaani kwa matumaini. Ndipo daktari wa meno wa Dar es Salaam, anaitwa Daktari Aika, Mchaga wa Moshi, akanipigia simu. Fundi wake alikuwa anakwenda likizo ya uzazi, akataka mtu wa kumshikia nafasi kwa miezi mitatu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kueleza.

Shida ilikuwa gari. Mama alipigwa na kiharusi mwaka jana, mguu wa kulia ukafa ganzi. Kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka mazoezi ya viungo hospitali, kule upande wa Raskazone. Alianza akibebwa. Siku ile napigiwa simu alikuwa ameshaweza kusimama mwenyewe kwa ile fremu ya chuma, na akipenda anapiga hatua kuelekea dirishani. Mtaalamu wa mazoezi alituambia bila kutuficha: mguu ule ukiachwa hata mwezi utakaza, na safari ya kuurudisha itaanza upya, kama itaanza.

Gari letu ni dogo na ni bovu kiasi chake, lakini kiti cha mbele kinasogea nyuma mpaka mwisho, na mama anaingia na mguu wake umenyooka. Bajaji aliikataa zamani. Mguu haukunjiki, kwa hiyo dereva ingebidi amshike makwapani ampandishe, na mama yangu, hajati, mwalimu mkuu mstaafu aliyewachapa nusu ya wanaume wa mtaa huu, hashikwi makwapani na mtu asiye maharimu yake. Ndiyo hivyo, msibishane naye, mimi nimeshajaribu. Anayeweza kumshika ukiniondoa mimi ni Mjomba Shee, mdogo wake, ambaye pia anajua kuendesha. Kwa hiyo shauri lilikuwa jepesi. Gari likibaki, mjomba atampeleka. Gari likiondoka, mama haendi.

Nikaamua gari libaki. Nataka mlijue hilo kabla hamjaanza kunisema.

Kisha nikampigia Daktari Aika kuuliza nije vipi na nijiandae vipi. Akaniambia pale kwake wana wagonjwa wengi wazee, na huwa wanawafuatilia majumbani baada ya kuwawekea meno. Halafu akasema, "Wewe njoo na gari, usijipe shida." Nikakata simu nikakaa barazani, nikaona jambo zima lilivyo: mimi na sanduku langu la vifaa, nazunguka Dar nzima kurekebisha meno ya wazee, na mwenye kazi amesema aje mwenye gari. Nisipokuja na gari, atakuja mwingine nalo.

Nikamwambia mama. Nilitegemea anune, anyamaze siku mbili kama kawaida yake. Wapi. Akatia mkono chini ya mto, akatoa funguo. "Chukua," akasema. "Kazi haikungoji weye. Mie nitapumzika hiyo miezi, mguu wenyewe hauna pa kwenda."

Jirani yetu Shabira, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alitoka Kachi na meli na yeye hajawahi kutoka Tanga zaidi ya wiki, alivuka barabara mahsusi kuja kuniambia nimepotea. Kazi ni ya miezi mitatu, akasema, mguu ni wa maisha. Nilimjibu vibaya, na tangu hapo nimeshamwomba radhi kwa biriani.

Mjomba akasema barabarani siendi peke yangu. Nikamwambia nina miaka arobaini na mbili. Akasema gari lina zaidi ukilinganisha na magari wenzake, na ndilo analolihurumia. Atanifikisha, kisha atarudi na basi. Na tutapita njia ya pwani, Pangani na Saadani, si ya Segera, kwa sababu ana rafiki yake Mkwaja hawajaonana tangu siku nyingi. Nilipaswa kukataa hapo hapo.

Hadi Pangani, na kuvuka

Tulitoka Alhamisi asubuhi. Alhamisi ni siku ya mazoezi, na mama alikuwa amekaa barazani amejifunga khanga mpya, ametupungia mkono vizuri kabisa. Sikumtazama sana usoni. Nilikaza macho kwenye barabara, nikajiambia kwamba mtu mzima akishakata shauri halitafuni tena.

Tongoni tulipita, Kigombe tulipita, vumbi la ujenzi wa barabara likaingia mpaka kwenye meno yangu mwenyewe, ambayo bado ni ya asili. Mjomba muda wote anasikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. Kila baada ya vijiji viwili ananiambia rejeta inachemka. Ilikuwa haichemki. Tulipofika Pangani ikachemka kweli, naye akafurahi kupita kiasi.

Daraja jipya lilikuwa bado linajengwa, tukalitazama tu kwa mbali tukisubiri pantoni iliyokuwa ng'ambo, Bweni, inakula usingizi. Tuliketi kwa mama mmoja anayeuza pweza na muhogo, tukala, tukanywa dafu, tukala tena. Mjomba akanunua halua ya kumpelekea rafiki yake, kikapu kizuri cha ukindu, akakifunga kwa leso. Kikumbukeni kikapu hicho, maana kilituponza mbele kidogo.

Pantoni ilipokuja, sheria ni dereva peke yake aingie na gari, abiria watembee. Mjomba hakukubali kwamba dereva ni mimi. Tulibishana pale kwenye mteremko mpaka mkaguzi akasema yeyote kati yetu aingie, hata kuku, ilimradi gari liingie. Niliingia mimi. Tukavuka salama, na Bweni gari likagoma kuwaka. Kimya. Magari mengine nyuma yangu yanapiga honi, ng'ombe wanasubiri kupanda, na mimi nazungusha ufunguo kama napepeta.

Abiria wakaja kusukuma bila kuitwa. Walisukuma wanaume, wakasukuma na wanawake wenye vikapu, na mzee mmoja hakugusa kitu lakini alituimbia. Nikasikia mtu anasema gari la Tanga mjini hilo, limezoea kubembelezwa. Likashika juu kabisa ya mteremko, watu wakapiga makofi. Sikusimama kuwashukuru, niliogopa lisiwake tena. Niliwapungia mkono dirishani na nikaomba Mungu awalipe.

Mkwaja, na harusi nisiyoijua

Tulifika Mkwaja jua limekaa katikati. Rafiki wa mjomba anaitwa Mzee Bakari, na mkewe Bi Mwanasha. Sasa jiwekeni mahali pao. Shee, mjane wa miaka mingapi, hajaonekana siku zote hizo. Anatokea bila taarifa, amevaa kanzu safi, amebeba kikapu cha halua kilichofungwa leso, na nyuma yake yuko mwanamke kavaa buibui jipya, anatembea pole pole akitazama chini. Nilikuwa natazama chini kwa sababu ya matope. Bi Mwanasha akapiga vigelegele.

Nikadhani ni furaha ya kuonana. Akanishika mkono akanipeleka ndani, akanikalisha kwenye mkeka mpya, akaninawisha mikono mwenyewe, akaniambia nisione haya. Akaniuliza kama nimemzoea. Nikasema nani, gari? Nimelizoea, ila lina tabia ya kuchemka na asubuhi kuwaka kwake mpaka lisukumwe. Akacheka hadi akajishika ukuta. Akasema ndivyo walivyo, subira tu.

Nje nikasikia jogoo anakimbizwa. Nilitaka kuwaambia tuna haraka, chochote kinatosha, lakini majirani walikuwa wameshaanza kuingia mmoja mmoja kunitazama. Mmoja akanusa buibui langu akasema mbona hawakukufukiza udi. Hapo akili ikanirudia. Nikatoka barazani nikamkuta mjomba anapewa mkono wa heri na wazee watatu, naye anajibu ahsanteni, ahsanteni, akidhani wanampongeza kwa kufika.

"Mimi ni mtoto wa dada yake," nikasema, kwa sauti niliyorithi kwa mwalimu mkuu. Mzee Bakari akaanza kucheka, na akacheka mpaka tukaogopa atazimia.

Jogoo alikuwa ameshachinjwa, kwa hiyo ilibidi aliwe. Tulipewa na bada, ugali wa muhogo ule mweupe, na samaki changu wa kukaanga, na mchuzi wa nazi ambao mpaka leo naukumbuka. Nasema ukweli, kama ningekuwa bibi harusi nisingedai zaidi. Lakini muda ulikuwa unakwenda, na barabara mbele yetu ni tope na mbuga.

Tulipokuwa tunanawa, Bi Mwanasha akamuuliza mjomba hali ya dada yake. Mjomba akaeleza, mguu, mazoezi, na kwamba ametuachia gari. Kisha akanigeukia mimi. "Hajawahi kugawa kitu upesi namna hii," akasema. "Tangu utoto. Hata ubuyu alikuwa anafikiri kwanza." Nilimwambia amalize kunawa twende. Sikutaka kuyasikia maneno hayo, na yalinikaa kifuani njia nzima ya Saadani.

Saadani, Bagamoyo, na foleni

Ya Saadani ni mafupi. Tulikwama mara moja, katapila la wajenzi wa barabara likatuvuta, na dereva wake akakataa chochote ila halua kidogo aliyotufungia Bi Mwanasha. Ngiri mmoja na wanawe wakatuzuia katikati ya njia, mjomba akakataa kushusha kioo hata kidogo, akisema najisi haiingii na hewa lakini yeye hajaribu. Bagamoyo tuliingia magharibi, tukatafuta nyumba ya wageni, tukalala kama magogo.

Ijumaa asubuhi tukaingia Dar. Kuanzia Bunju ni foleni, na foleni ya Dar si ya kusimulia, ni ya kukaliwa. Rejeta ikachemka kwa haki. Nilikuwa nimeshamwaga maji yote ya kunywa humo, na mjomba anazitazama chupa zake kwa uchungu. Lakini moyo wangu ulikuwa mgumu kama nazi. Nimeleta gari, nimetimiza nililoambiwa, kazi yangu hiyo, tena ningelipandisha mlima kama wangetaka.

Upanga

Kliniki iko chini ya ghorofa la zamani, kwenye kichochoro ambacho magari yamepangana mpaka paka anapita ubavu. Nilizunguka mtaa ule hadi mlinzi akaanza kunisalimia. Mwisho nikasimama mbele ya mlango, nusu barabarani, mlinzi akasema mama hapa hapaegeshwi, nikamwambia mimi ndiye fundi mpya na gari hili ni la kazi. Akaenda kumwita daktari.

Daktari Aika akatoka amevaa glavu. Mwanamke mchangamfu, mfupi, anacheka kabla hajajua kuna nini. Akanikumbatia kwa viwiko. Kisha akalitazama gari, matope mpaka kwenye paa, na mjomba ndani yake amekumbatia chupa tupu.

"Hili la nani?" akauliza.

"Langu. Ulisema nije na gari."

Akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. Kicheko kikamtoka taratibu usoni. "Saumu," akasema, "nilimaanisha basi. Njoo na gari, la Tanga, la asubuhi. Uliniuliza utakujaje."

Nikamuuliza na wale wazee wa kufuatiliwa majumbani je. Akasema wanafuatiliwa kwa simu. Wanapigiwa wakiwa majumbani kwao, wanaulizwa kama meno yanabana.

Mashoga zangu, mimi nimezaliwa Chumbageni. Tangu nijue kusema nasema nimekuja na gari, na maana yake nimepanda basi. Sote twasema hivyo. Mama anasema hivyo, Shabira anasema hivyo, kondakta mwenyewe anasema hivyo. Sijui wiki ile masikio yangu yalikuwa na nini. Nadhani mtu akiwaza kitu kimoja mchana na usiku, kila neno analoambiwa linageuka kuwa kile kitu. Nilisikia aibu, kisha nikasikia kitu kibaya kuliko aibu, kwa sababu nilimkumbuka mama na khanga yake mpya, amekaa barazani siku ya mazoezi.

Daktari alikuwa mwema. Akasema limeshafika, basi lisirudi, jirani yake ana uwanja atamwomba nafasi. Na kweli ningelihitaji. Nilikuwa nakwenda kukaa kwa binamu yangu Tabata, na kutoka Tabata mpaka Upanga kila asubuhi mnaijua adha yake. Kiti kile cha mbele, kioo changu, kipoza hewa kibovu lakini changu. Nilisimama pale nikaona raha yote hiyo. Mjomba alishuka akaenda kuuliza msikiti uko wapi, maana adhana ya Ijumaa ilikuwa karibu, akaniacha peke yangu na shauri langu.

Nikamuuliza daktari kazi inaanza lini. Akasema Jumatatu saa mbili. "Basi Jumatatu saa mbili utanikuta hapa mlangoni," nikasema. "Gari linarudi Tanga."

Akaniambia huwezi, utachoka. Nikamwambia kuchoka nitachoka mimi, na mimi nina miguu miwili. Yule mlinzi aliposikia ninatoka Tanga akasema ndiyo maana, waja leo waondoka leo. Nikamwambia anisaidie kuongoza gari litoke, asiongeze maneno.

Kurudi, kwa njia ya Segera

Tulilala Tabata, Jumamosi alfajiri tukashika njia ya Chalinze na Segera, lami tupu. Niliendesha mimi njia yote. Mjomba alilala kinywa wazi mpaka Muheza, akaamka kununua machungwa, akalala tena. Sikusimama pasipo lazima. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na hasira ile ndiyo ilikuwa petroli. Nilikuwa nimeshapanga maneno: mama, nimekosea, gari lako hili, Jumatatu Mjomba Shee anakupeleka, nisamehe kwa Alhamisi moja. Nilijua atafurahi.

Tuliingia Chumbageni alasiri. Mama hakuwa barazani. Nilimkuta ndani, kitandani, mchana kweupe, na ile fremu imesukumwa kule nyuma ya mlango, imetundikwa nguo. Shabira alikuwa amekaa kwenye kiti miguuni pake. Aliponiona akasimama akatoka, akanibana bega akipita.

Mama akadhani nimefukuzwa kazi. Nikamweleza yote, basi, gari, kila kitu, nikamwambia gari lako limerudi, Jumatatu unakwenda mazoezi. Hakucheka. Akageuza uso ukutani.

"Mie nilifurahi lilipoondoka," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri, nikainama.

"Pale mazoezini pananiuma, Saumu. Kila siku pananiuma, nanyi mwanishangilia. Nilisema gari likenda, hakuna wa kunilaumu. Si mie, si weye. Gari halipo."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, na nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimembeba na kumshusha miezi yote ile nikimwambia hongera mama, na sikuwahi kumuuliza kama panauma. Naye alinipa funguo, nikazipokea nikajiona mwana mwenye mama mkarimu. Mjomba alikuwa mlangoni na machungwa yake, amesimama tu.

Nilipomaliza kulia nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nimesikia panauma, na mjomba atamwambia mtaalamu wa mazoezi hivyo hivyo bila kupamba, wapunguze au wabadilishe au wampe dawa kabla. La pili, kwamba gari haliondoki tena hapa nyumbani kwa kazi ya mtu yeyote, si yangu wala ya nani. Akitaka kuacha mazoezi aache kwa mdomo wake, aseme mie nimeacha, asimtwike gari. Sikumpandishia sauti, lakini sikuilegeza pia. Nilitoa nguo kwenye fremu nikazikunja, nikaisogeza karibu na kitanda, nikaenda kupika.

Usiku ule hatukuongea tena habari hiyo. Jumapili asubuhi nilifunga begi dogo, bajaji ikaja mlangoni kunipeleka stendi. Nikaingia chumbani kuaga. Nikambusu mkono, akaniombea dua ndefu kuliko kawaida, ya safari na ya riziki na ya mume pia, maana hachoki. Nilikuwa nimeshafika barazani niliposikia anamwita mdogo wake kutoka kule ndani, kwa sauti ile ile ya kupigia kengele ya shule.

"Shee. Jumatatu ni saa ngapi?"

Mjomba akamwambia saa tatu. Nikapanda bajaji, sikugeuka nyuma, niliogopa nikigeuka nisiondoke.